Bukavu: parseli ya bei rahisi mlimani ina deni ambalo muuzaji hasemi

Familia changa inayotafuta nyumba yake ya kwanza mjini Bukavu huwa na feza chache na njia chache. Pahali palipo sawa, karibu na barabara na penye cheti safi, bei inaishinda. Pahali bei inapowezekana ni kwenye mteremko: robo ya parseli, nyumba ya mbao ya vyumba viwili, manjanja ya zamani juu, na njia ya ngazi za udongo inayopita kati ya kuta za majirani. Komisionere anasema ni bahati. Muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho na feza mkononi. Karatasi inaandikwa, mashahidi wanatia saini, watu wanahama.

Bei hiyo ni sehemu ya kwanza tu. Sehemu nyingine inalipwa baadaye: kwa ukuta wa mawe, kwa avoka, kwa kesi ya mpaka, na mara nyingine kwa maisha ya watu waliokuwa wamelala. Kununua parseli ya bei rahisi si kosa. Kosa ni kuacha mtu anunue bila kuambiwa, wakati chefu wa kata, komini na ofisi za udongo zinajua ni mlima gani unaoporomoka na ni parseli gani iko mbele ya tribinali. Ofisi inayopokea feza ya mnunuzi inapaswa kumwandikia, kwenye karatasi ileile inayotiwa muhuri, hatari anayonunua.

Wanaoshangaa kwa nini watu wanajenga kwenye mteremko wanasahau namna mji huu ulivyopangwa. Wabelgiji walianzisha kituo chao hapa 1901, na kwa miaka mingi kiliitwa Costermansville kabla ya jina la Bukavu kurudi. Rasi zinazoingia katika ziwa Kivu kama vidole vya mkono zilikuwa za Wazungu. Waafrika waliwekwa Kadutu, juu ya mlima, na baadaye Bagira. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, umebanwa kati ya ziwa na milima, na udongo ulio sawa ni kidogo sana. Ulipangwa kwa ajili ya watu wachache. Leo wakaaji wanahesabiwa kupita milioni moja.

Tokea vita vya 1996, familia nyingi zilikuja kutoka Shabunda, Mwenga, Walungu, Kabare na Kalehe. Zilikuja kutafuta pahali pa kulala bila kusikia risasi. Wenye parseli wakakata vipande na kuuza. Baba akagawanya kiwanja kwa watoto wanne, kila mtoto akauza nusu ya kipande chake. Pahali palipokuwa na nyumba moja na bustani ya ndizi, sasa pana nyumba nane, vyoo vitatu na mfereji mmoja usiotosha hata nyumba mbili.

Na wanunuzi si wajinga. Mpangaji wa Bukavu anajua hesabu yake. Chumba na saluni kwa dola 50 kwa mwezi ni dola 600 kwa mwaka, na dola 6,000 kwa miaka 10, bila kuhesabu garanti ambayo mwenye nyumba anaomba siku ya kuingia na ambayo mara nyingi inarudishwa kwa magomvi. Kwa miaka hiyo 10 mpangaji hana hata tofali moja. Mwalimu, muuguzi, mama wa soko ao kijana wa pikipiki akipata zamu yake ya kirimba, ao akigawana akiba ya AVEC mwisho wa mwaka, ana haki ya kutaka feza hiyo igeuke kuwa kitu ambacho watoto watarithi. Mtu huyo hastahili kutukanwa. Anastahili kuambiwa ukweli kabla ya kulipa.

Ukweli wa kwanza ni wa udongo wenyewe. Funu, katika komini ya Kadutu, iko juu ya poromoko kubwa la chini sana, lenye upana wa zaidi ya kilomita moja ya mraba, ambalo linateremka polepole. Watafiti walilifuata kwa picha za zamani zilizopigwa kutoka ndege, picha za setilaiti na vipimo vya chini, na matokeo yao yalitoka 2022 katika jarida la Nature Geoscience. Walionyesha kwamba kujaa kwa nyumba kunaongeza mwendo wa mlima. Bomba za maji zinazovuja, maji ya mvua yanayokusanywa na manjanja na kumwagwa pahali pamoja, na kukosa mifereji ya maji machafu, vyote vinalowesha udongo ambao zamani majani na miti vilikuwa vinaukausha. Kwa maneno mengine, kila nyumba inayoongezwa bila mfereji inasukuma kidogo nyumba zote zilizo chini yake.

Jambo hili linabadilisha maana ya kununua. Kwenye kiwanja cha sawa, mtu ananunua parseli yake. Kwenye mteremko, ananunua pia tabia ya jirani wa juu: choo chake, maji yake, ukuta wake. Familia inaweza kujenga vizuri, kwa matofali na simenti nzuri, na bado ikapoteza nyumba kwa sababu ya shimo lililochimbwa na mtu mwingine mita 20 juu. Mwishoni mwa Desemba 2023 mvua kubwa iliangusha nyumba na kuua watu mjini Bukavu, katika komini ya Ibanda. Miezi michache mbele yake, mwezi wa tano mwaka huohuo, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe. Hakuna kiongozi wa Kivu ya Kusini anayeweza kusema leo kwamba mvua inamshangaza. Wala mtetemeko: ule wa 3 Februari 2008 ulipasua kuta nyingi za mji, na wengi wanaotafuta nyumba sasa walikuwa tayari wanasoma.

Moto nao ni deni la mteremko. Nyumba za mbao zikibanana hivi, jiko moja la makala linatosha kuchoma avenyu nzima, na gari la kuzima moto haliwezi kupanda ngazi za udongo. Njia ambayo haipitishi gari haipitishi pia mgonjwa usiku, wala jeneza mchana, bila wanaume kuteleza. Hiyo yote iko ndani ya bei rahisi.

Ukweli wa pili ni wa karatasi. Sheria ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema udongo ni mali ya Serkali peke yake. Raia anapata haki ya kuutumia tu, inayoitwa konsesyo. Mkongomani anaweza kupewa konsesyo ya kudumu; konsesyo ya kawaida ina muda usiopita miaka 25, unaoweza kurudiwa. Na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili, kile ambacho wengi wanaita sertifika, kinachotolewa na konservateri wa hati za nyumba na udongo. Nakala moja inabaki katika kitabu cha ofisi yake, nyingine inakaa kwa mwenyewe. Kikisha kupita miaka 2, cheti hicho ni vigumu sana kukishambulia mbele ya tribinali.

Nini kinauzwa mlimani? Mara nyingi ni fishi ya parseli, karatasi ya komini ao ya kata inayosema tu kwamba fulani anajulikana pahali fulani. Ao ni kontra ya muda ambayo ilipaswa kufuatwa na hatua nyingine na haikufuatwa. Ao ni karatasi ya kuuziana iliyoandikwa kwa mkono, na mashahidi watatu ambao wawili kati yao ni wandugu wa muuzaji. Hizi zote zina faida kama ushahidi wa kwanza. Hakuna hata moja iliyo cheti. Mnunuzi anayeambiwa "karatasi zote ziko" anapaswa kuuliza: karatasi zipi, kwa jina la nani, na namba yake inaonekana katika kitabu cha nani?

Upande wa Kabare, kandokando ya mji, kuna tatizo lingine. Huko wazee wanajua kalinzi: mtu anamtolea chefu ng'ombe ao thamani yake, na kwa desturi ya Bushi anapata udongo wa kukaa na kuachia watoto. Ni desturi yenye heshima na watu wengi wameishi chini yake kwa amani. Lakini sheria ya 1973 iliweka hata udongo wa desturi chini ya Serkali, ikasema ordonansi ya Rais itapanga haki za wakaaji wa vijiji. Ordonansi hiyo haikufuata. Hapo ndipo mnunuzi mmoja anatoka kwa chefu, mwingine anatoka mjini na karatasi ya ofisi, na wote wawili wanakutana kwenye kiwanja kimoja na mawe ya msingi mkononi.

Ndani ya familia pia kuna mtego. Sheria ya familia inaomba mume na mke wakubaliane wote wawili mbele ya kuuza nyumba ao parseli, hata kama ni mali ya mmoja wao. Parseli iliyouzwa na baba peke yake inaweza kurudi kuombwa na mama. Ile iliyouzwa na mtoto mkubwa inaweza kuombwa na wadogo zake waliokuwa Goma ao Uvira siku ya mauzo. Bei ya chini sana mara nyingi ina maana kwamba muuzaji anataka kumaliza haraka kabla ya ndugu kusikia.

Hali ya sasa imeongeza uzito. Tokea M23 iliingia Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zilifunga milango, na mkopo wa nyumba, ambao hata mbele ulikuwa wa watu wachache, ulitoka kabisa katika mazungumzo. Feza inatembea mkononi na kwa simu. Ofisi za mji zilijikuta chini ya uongozi usiotambuliwa na Kinshasa, na muhuri uliotiwa kipindi hicho unaweza kuulizwa siku mambo yatakapobadilika. Wenye parseli wengine wako Kinshasa, Bujumbura ao Kampala, na anayejitokeza kuuza ni shemeji, ao mlinzi, ao mtu mwenye nguvu tu. Kununua nyumba ya aliyekimbia, kutoka kwa asiye na ruhusa yake, ni kujitayarishia kesi. Ni pia kumfanyia mwenzako kile ambacho kila mtu anaogopa kufanyiwa. Anayeweza kungoja, angoje. Asiyeweza kungoja achunge kila karatasi ya zamani ya parseli, iliyotolewa mbele ya 2025, kuliko ile mpya.

Kuna watakaojibu kwamba maneno haya ni ya watu walioshiba. Wanasema: ukiwaambia maskini wasinunue mlimani, unawatuma wapi? Muhumba? Nguba? Ni jibu lenye nguvu, na haliwezi kupitiwa pembeni. Kila mara viongozi wanapotaja kubomoa nyumba za pahali pa hatari bila kuonyesha kiwanja kingine, watu wanahama wiki mbili na kurudi, ao wanajenga mlima mwingine ulio mbaya zaidi. Kufukuza si kupanga mji.

Lakini kunyamaza nako si huruma. Mnunuzi aliyejua kwamba parseli iko juu ya udongo unaoteremka angeweza kufanya mambo manne: kupunguza bei, kujenga nyepesi ya mbao badala ya ghorofa ya simenti, kuweka feza ya mfereji mbele ya feza ya saluni, ao kuenda kununua kwingine, hata kama ni mbali na soko la Kadutu. Asiyejua hana hata moja ya njia hizo. Na katika mnyororo huo wa mauzo, kila mtu anapata chake: komisionere asilimia yake, mashahidi vinywaji vyao, kata na komini malipo ya karatasi. Anayebaki na hatari ni yule aliyelipa wote.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo viongozi wa mji, wawe wa leo ao wa kesho, wanaweza kufanya bila kungoja wafazili. Ramani ya milima inayoporomoka ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata, kwa Kiswahili na kwa majina ya avenyu ambayo watu wanajua. Fishi ya parseli iandikwe mstari mmoja zaidi: udongo huu ni wa namna gani, na je, kuna kesi? Anayetia saini aandike jina lake kamili, ili mvua ikinyesha ijulikane nani alisema hakuna hatari. Malipo yanayopokelewa kwa kila mauzo yatenge sehemu ya mifereji ya mtaa uleule, si ya viti vya ofisi. Na bomba la maji linalovuja mlimani lihesabiwe kuwa hatari ya watu, likarabatiwe kwanza.

Bagira inatoa somo hapa, hata kama iliwekwa na wakoloni kwa faida yao. Miaka ya 1950 Ofisi ya miji ya Waafrika, OCA, ilijenga huko nyumba ndogo za wafanyakazi. Zilikuwa nyumba za bei ya watu wa chini, lakini njia na viwanja vilichorwa kwanza, kiisha nyumba zikafuata. Tokea uhuru, mji huu haujapata tena mpango wa nyumba za kwanza wenye ukubwa wa ule. Serkali ya Wakongomani haikosi akili ambayo wakoloni walikuwa nayo. Inakosa kuona kijana wa mshahara mdogo kama mtu wa kupangiwa. Inamwona siku ya kumtoza tu, na siku ya kuhesabu wafu.

Mpaka siku hiyo ifike, mnunuzi ajilinde mwenyewe. Parseli ya mlimani isitazamwe wakati wa kiangazi peke yake, maana kiangazi kila mlima ni mzuri. Itazamwe wakati wa mvua, saa mvua inanyesha: maji yanatoka wapi, yanaingia wapi? Milango ya majirani inafunga vizuri, ao imepinda? Kuta zina nyufa ambazo zilijazwa simenti na zikafunguka tena? Miti na miti ya umeme imesimama wima, ao imelala upande wa chini? Kuna chemchemi iliyotokea karibuni pahali ambapo hapakuwa maji? Mama anayeuza makala kwenye kona anajua majibu ya maswali haya kuliko komisionere, na hataomba asilimia.

Upande wa karatasi, mnunuzi aende kwa konservateri na kwenye kadastre kabla ya kutoa hata dola moja, si kiisha. Aombe kuona muuzaji na mwenzake wa ndoa pamoja, na kama mzazi alikufa, warithi wote. Majirani wa pande nne waitwe na waonyeshe mipaka kwa mikono yao, mbele ya watu. Feza ilipwe kwa sehemu, kila sehemu na karatasi yake, na ya mwisho ibaki mpaka jina libadilishwe. Familia mbili zinazoaminiana zinaweza pia kununua pamoja parseli moja yenye cheti, pahali pa afadhali, kiisha kuomba igawanywe kwa sheria na kila moja kupata hati yake. Mwanzo ni ghali kuliko robo ya parseli isiyo na cheti. Kesi ya miaka 10 ni ghali zaidi.

Na katika bajeti ya nyumba ya kwanza, mfereji, ukuta wa kuzuia udongo na bomba la kukinga maji ya manjanja vihesabiwe ndani ya bei tokea siku ya kwanza. Kama feza inatosha parseli peke yake na haitoshi hivyo vitatu, basi feza bado haijatosha, hata kama muuzaji amekubali kuipokea.

Wakaaji wa Bukavu wamezoea kujipangia kila kitu: maji, umeme, ulinzi, shule. Hii haiondoi jukumu la anayetia muhuri. Chefu wa kata anajua pahali palipoporomoka mwaka uliopita. Mtu wa urbanisme anajua. Konservateri anajua parseli zenye vyeti viwili. Kijana anayekuja na akiba ya miaka 6 ndani ya mfuko wa koti ndiye peke yake asiyejua, na ndiye anayelipa. Kumwambia kunagharimu mstari mmoja wa kalamu.